Tusililaumu gitaa la laki mbili, tutafute fundi

Watu wengi walioanza kujifunza gitaa wakaacha hawakushindwa na muziki. Walishindwa na milimita mbili. Hicho ndicho kiasi ambacho uzi huwa umepaa kupita inavyotakiwa kwenye magitaa mengi ya bei nafuu, yale yanayotoka kiwandani na kuingia dukani bila kupita mikononi mwa mtu wa kuyarekebisha. Mwanafunzi akibonyeza uzi uliopaa hivyo, kidole kinauma, sauti inatoka imefifia, na kodi (nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) aliyoiona kwenye simu ikipigwa kwa wepesi na mtoto mdogo inamgomea. Baada ya muda gitaa linatundikwa ukutani, na nyumbani wanasema huyu hana kipaji.

Nataka kulitetea gitaa hilo, na kumtetea aliyeambiwa hana kipaji. Najua nasimama upande usio na watu wengi. Ukiwauliza wapigaji wazoefu wa Dar es Salaam na Bagamoyo juu ya gitaa la Kichina la bei ya chini, wengi watakuambia usipoteze pesa, jikusanye ununue la maana. Ushauri huo unatoka kwa watu wanaojua wanachosema, lakini kwa kijana wa kijijini una maana moja tu: asianze.

Gitaa lililonisukuma kuandika haya liko Mkange, kata ya Halmashauri ya Chalinze iliyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mwenyewe ni kijana anayelima ufuta na wazazi wake. Ufuta ulipouzwa alishuka Kariakoo na laki mbili, akapanda basi la kurudi hadi Mandera, na kutoka hapo akakamata bodaboda kupitia Miono, gitaa mgongoni ndani ya mfuko mwembamba mweusi na vumbi likimfuata nyuma. Alipoliona halimpi anachotaka, akaniletea.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Naona umenunua gitaa.”

“Ndiyo, ila watu wananiambia ni la Kichina, halifai. Naomba unitazamie. Nimeibiwa?”

Nililishika, nikalipiga kidogo, nikamwambia hakuibiwa. Aliuziwa kazi iliyoishia nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumaliziwa hapohapo Mkange.

Kwa macho, gitaa lenyewe lilipendeza. Lilikuwa la rangi ya chungwa katikati, likikoza hadi weusi pembezoni, na vanishi yake iling'aa kiasi cha kujiona. Ukilichungulia ndani kupitia tundu la sauti unakuta matone ya gundi yaliyokaukia kwenye mbao, na urembo unaolizunguka tundu ni karatasi iliyobandikwa. Ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo, ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zinakuparuza. Vikazio vya nyuzi vinazunguka kidogo bure kabla ya kushika. Nembo ya kichwani haijulikani na mtu yeyote ninayemfahamu.

Hiyo nembo isiyojulikana isikupe hofu. Sehemu kubwa ya magitaa ya kuanzia hutengenezwa China na Indonesia, na kiwanda kimoja kinaweza kubandika nembo za wauzaji wengi tofauti. Kule China, mkoa wa Guizhou, kuna wilaya ya milimani iitwayo Zheng'an. Vijana wake waliondoka kwa sababu ya umaskini, wakaenda kufanya kazi kwenye viwanda vya gitaa vya mkoa wa Guangdong. Katika muongo wa 2010 baadhi yao walirudi kwao na kufungua viwanda vyao wenyewe, na leo Zheng'an ni mojawapo ya vituo vikubwa vya kutengeneza magitaa duniani. Wilaya ya wakulima ilipata kazi hiyo kwa sababu ujuzi ulirudi nyumbani. Tukifika kwenye suala la Mkange, hilo ndilo la kukumbuka.

Sasa, kiwanda hupunguzaje bei hadi kijana wa Miono au Mkange aimudu? Kwanza hutumia plaiwudi badala ya ubao mzima. Pili, kazi kubwa ya kukata na kutoboa hufanywa na mashine, na mashine za siku hizi hazikosei sana: freti zinakaa mahali pake, shingo inanyooka, pande mbili za sanduku zinalingana. Kinachobaki ghali ni saa moja ya mwisho ya mkono wa fundi, anayekaa na kila gitaa peke yake, akashusha nyuzi, akalainisha freti, akasikiliza uzi mmoja mmoja. Saa hiyo ndiyo inayokatwa. Na kwa kuwa gitaa lenye nyuzi za chini mno hulalamika, nyuzi zikigonga freti na kutoa mlio wa nyuki, kiwanda huamua kuziacha juu. Gitaa lenye nyuzi za juu halina mlio mbaya dukani. Muuzaji akiligusa linaitika vizuri, mnunuzi analipa, na maumivu yanaanzia nyumbani.

Ndiyo maana nasema kuvutiwa na gitaa kwa mara ya kwanza hakuna thamani kubwa, na kuchukizwa nalo pia hakuna. Vyote viwili havikuambii gitaa ni la namna gani. Vinakuambia tu kama kuna mtu aliyelirekebisha kabla yako.

Kwenye lile la Mkange nilianza na shingo. Nilifumba jicho moja nikaitazama kwa urefu wake. Ilikuwa imepinda kidogo kuelekea mbele, jambo lisilo la ajabu, kwa sababu nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Ndani ya shingo ya magitaa mengi ya nyuzi za chuma kuna chuma kirefu kilichofichwa kwa ajili hiyo, na hukazwa kwa alenki, spana ileile anayoibeba fundi wa pikipiki. Fundi wa bodaboda aliyekuwa jirani alituazima. Huzungushwa robo mzunguko tu, kisha unasubiri na kutazama tena. Anayezungusha kwa pupa hukata chuma hicho, na hapo gitaa linakuwa pambo la ukutani kweli.

Shingo ilipokaa, tulipima urefu wa nyuzi kwa kadi za plastiki. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76 hivi, na ya NIDA haipishani nayo sana. Ukizipanga tatu unapata zaidi kidogo ya milimita mbili. Kwenye freti ya 12, uzi mnene kuliko yote unapaswa kuzigusa kadi hizo tatu au kuzikaribia sana. Kabla hatujaanza, kadi tano zilipita chini ya uzi bila kuguswa. Baada ya kunyoosha shingo zikapita nne. Iliyobaki ilikuwa kazi ya msasa.

Juu ya daraja, pale nyuzi zinapoishia upande wa tumbo, kuna kipande cheupe kilichochomekwa kwenye mfereji. Ukilegeza nyuzi kinatoka kwa mkono. Kinasuguliwa chini, upande usiogusa nyuzi, kwa msasa uliolazwa kwenye meza iliyonyooka. Hesabu yake ni rahisi: ukitaka uzi ushuke milimita moja kwenye freti ya 12, punguza milimita mbili hapo, kwa sababu freti hiyo iko katikati kabisa ya urefu wa uzi. Upande wa pili, shingo inapokutana na kichwa, kuna kipande kingine chenye mikato sita, ambacho wapigaji hukiita nati. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Iwe ya unene wa karatasi. Ikizidi hapo, hakuna mwanafunzi atakayeiweza kodi ya F, hata awe na vidole vya chuma. Mikato hiyo tuliizamisha kidogo kwa msasa laini uliokunjwa, tukipima kila mara, kwa kuwa ukizidisha huwezi kurudisha.

Ncha za freti zilizokuwa zikiparuza zililainishwa kwa tupa ndogo ya seremala. Tukatia nyuzi mpya, nyembamba kuliko za kiwandani, tukazikaza kwa kufuata programu ya bure ya simu. Kijana akapiga kodi ya G, akahamia C, akarudi G. Akanitazama bila kusema, kisha akapiga tena kwa nguvu zaidi.

Sitadanganya kwamba gitaa lile liligeuka kuwa la mamilioni. Sauti yake ya besi bado ni nyembamba, na ukilikung'uta sana linachoka mapema. Lakini linapigika, linakaa kwenye sauti, na halimwadhibu anayejifunza. Kwa mtu anayeanza, hayo matatu yanatosha. Rangi ya sauti atakuja kuidai akishakuwa na masikio ya kuidai.

Yapo pia mabovu yasiyotengenezeka, na mnunuzi ayakatae kabla ya kutoa pesa. Nenda dukani na futi kamba. Pima kutoka kwenye nati hadi freti ya 12, kisha kutoka freti ya 12 hadi kile kipande cheupe cha darajani. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana, cha pili kikizidi kwa milimita chache tu. Vikipishana sana, gitaa hilo halitaimba sawa hata ulipeleke kwa nani. Piga uzi mtupu, kisha uubonyeze kwenye freti ya 12: iwe sauti ileile, moja chini na nyingine juu. Tazama daraja kama limeanza kubanduka kwa nyuma. Tazama shingo kama imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini. Hitilafu hizo zikiwapo, liache hapohapo, hata muuzaji akupunguzie bei. Zisipokuwapo, nyuzi za juu na freti kali zisikutishe.

Na usikubali kutiliwa nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Muuzaji asiyejua, au asiyejali, anaweza kukuambia yote ni sawa. Nailoni huvuta kwa karibu kilo 40, na sanduku lake limejengwa kwa mzigo huo. Ukililazimisha kubeba kilo 70, daraja litang'oka. Kwa mtoto au kwa mwenye vidole laini, nailoni ni chaguo zuri la kuanzia. Kwa anayetaka mlio mkali wa gitaa kavu, achukue la chuma, lakini aangalie ukubwa wake. Sanduku pana linalouzwa zaidi hufuata umbo la Dreadnought, lililobuniwa na kampuni ya Martin ya Marekani mwaka 1916 na kupewa jina la manowari ya Kiingereza, na binti wa darasa la sita akilikumbatia mkono wake haufiki vizuri.

Kuhusu plaiwudi, sisi watu wa pwani tunalidharau jambo linalotusaidia. Gitaa la ubao mzima lina sauti nzuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ubao mzima hunywa unyevu. Masika yakiingia unavimba, tumbo linanyanyuka, na nyuzi zinapaa pamoja nalo. Kiangazi unasinyaa na huweza kupasuka. Plaiwudi imegundishwa kwa tabaka zinazopishana, hivyo haichezi sana. Kwenye nyumba ya bati karibu na bahari, isiyo na kiyoyozi, gitaa la plaiwudi linaweza kukaa katika hali yake miaka mingi kuliko gitaa la bei kubwa lililotengenezwa kwa ajili ya sebule ya Ulaya. Adui wetu mkubwa ni kutu. Chumvi ya hewani na jasho la mkono hula nyuzi upesi. Dawa yake ni kitambaa kikavu: futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, juu na chini.

Wapo watakaosema magitaa ya zamani hayakuwa na shida hizi. Ni vyema tujiulize magitaa hayo yalikuwa ya nani. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Jeshi, Polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliajiriwa kama mfanyakazi mwingine, na ala zilikuwa mali ya mwajiri. Ukihama bendi, gitaa lilibaki. Hata kwenye bendi zisizo za mashirika, ala zilikuwa za kundi au za tajiri aliyezinunua. Katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, mtu wa kawaida kumiliki gitaa jipya kutoka nje ilikuwa ndoto. Kizazi cha Mbaraka Mwinshehe, galacha wa Morogoro Jazz, bendi iliyoiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 huko Osaka, Japani, kilikulia kwenye mazingira ambamo chipukizi alisubiri wakubwa wapumzike ndipo aguse ala.

Kusubiri huko kulikuwa na faida yake. Pembeni ya chipukizi alikuwapo mkubwa. Uzi ukipaa, mkubwa aliushusha. Gitaa likigoma, mkubwa alijua linagomea wapi. Elimu ya kutunza ala ilipita mkononi, jioni baada ya mazoezi, bila cheti wala kitabu. Bendi hizo zilipopungua, elimu hiyo ilitawanyika nazo.

Leo hali imegeuka. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa ufuta anaweza kuwa na gitaa lake mwenyewe, akalala nalo, akalipiga anapotaka. Ni mabadiliko makubwa kuliko tunavyoyapa uzito. Lakini amepata ala bila kupata mkubwa. Simu inamfundisha kodi, haimfundishi kusugua kipande cha daraja. Anadhani gitaa linavyotoka kwenye mfuko ndivyo lilivyo, na likimshinda anajilaumu au anamlaumu Mchina.

Ajabu ni kwamba utamaduni wetu wenyewe haukuwahi kuamini hivyo. Nenda kwenye ngoma yoyote ya Wazigua, Wadoe au Wakwere. Kabla ya kuanza, ngoma huoteshwa moto, ngozi ikaze, na mpigaji huigongagonga hadi sauti imridhishe. Usiku ukiwa na umande, inarudishwa motoni katikati ya shughuli. Hakuna aliyewahi kusema ngoma ni mbovu kwa sababu imelegea. Kule Bagamoyo mjini, Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha huko hadi alipofariki mwaka 2003, alijulikana duniani kwa ilimba na zeze, na alikuwa pia mtengenezaji wa ala hizo. Kupiga na kutengeneza vilikuwa ujuzi wa mtu mmoja. Ni gitaa tu tulilolipokea kama kitu kilichokamilika, kisichoguswa.

Wala gitaa si geni kwetu. Fundi Konde wa pwani ya Kenya alipiga muziki miongoni mwa wanajeshi wa King's African Rifles huko Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa, akiimba Kiswahili cha Katanga kwa gitaa kavu moja tu, na kurekodiwa huko kukamfikisha kwenye masikio ya wapigaji wa Afrika Mashariki yote na kwingineko duniani. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya alijenga mtindo mzima kwa gitaa kavu, likisindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa. Hawa hawakuhitaji spika wala jenereta ili kusikika barazani. Gitaa kavu ni ala ya mahali umeme unapokatika.

Hilo linajibu hoja nyingine ninayoisikia: kwamba zama za gitaa zimepita, kwamba kijana mwenye simu anaweza kutengeneza mdundo wa singeli bila kugusa uzi. Ni kweli, na singeli ni muziki wa kuheshimiwa. Lakini anayejua kodi sita anaweza kutunga wimbo wake, kuongoza kwaya, kusindikiza mashairi ya shuleni, kupiga harusini, na kuwaburudisha wageni kwenye hoteli za Saadani. Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Makurunge, Saadani na Pangani, inayopita pia Mkange, ni mradi wa kilomita 256. Itakapokamilika wageni watapita kwa wingi. Tutawauzia nini zaidi ya mananasi ya Kiwangwa na picha za simba?

Ninachopendekeza hakihitaji kiwanda. Kila kijiji cha ukubwa wa Mkange kina seremala. Ana msasa, tupa, gundi, randa na jicho la kujua kilichonyooka. Anajua mbao kuliko muuzaji wa Kariakoo. Anachokosa ni mafunzo mafupi ya nini cha kupima na wapi pa kugusa. Vifaa vingine vimemzunguka. Bucha inatupa mifupa ya ng'ombe, na mfupa uliochemshwa ukatoka mafuta, ukakaushwa na kukatwa vizuri, unatengeneza nati na kipande cha daraja bora kuliko plastiki ya kiwandani. Mafundi wa Ulaya na Marekani huununua kwa kazi hiyohiyo. Mpingo, mti unaovunwa mikoa yetu ya kusini na kusafirishwa nje kutengenezewa klarineti na obo, ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na mabaki yake yanafaa madaraja na mbao za shingo. Tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kipande kinachobaki karakanani kina thamani kuliko kuishia kwenye jiko la mkaa. Kule Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, anayejulikana kwa jina la Socklo, ametengeneza magitaa ya umeme kwa miaka mingi na kuwauzia wanamuziki wa jiji lake. Hakusubiri kiwanda kije.

Mahali pa kuanzia papo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa. Kipo wilaya hiyohiyo ya Bagamoyo ambamo Mkange imo, na kina walimu wa muziki. Kiandae kozi fupi ya kurekebisha ala, na kiwaite maseremala badala ya kuwaita wanamuziki peke yao. VETA wanaweza kuichukua na kuipeleka mbali zaidi. Halmashauri ya Chalinze, kama halmashauri nyingine zote, inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi huomba pesa za bodaboda, kuku na sabuni. Kikundi cha vijana watatu wenye karakana ya kurekebisha ala za shule, za kwaya na za watu binafsi kinastahili kusikilizwa pia, kwa kuwa mtaji wake ni mdogo na wateja wake wanaongezeka kila mtu anapopanda basi kwenda Kariakoo.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Duka likiweka fundi mmoja kwenye kona, likaongeza elfu ishirini kwenye bei na kumkabidhi mteja gitaa linalopigika, litauza zaidi, kwa sababu mnunuzi aliyefanikiwa huleta wenzake, na aliyeumia vidole huwakataza. Mnunuzi ana haki ya kulidai hilo kabla ya kulipa: zishusheni nyuzi kwanza, nikiwa nimesimama hapa. Duka likikataa, pesa hiyo ya marekebisho haipotei. Itapanda basi pamoja na gitaa hadi Mandera, itapita Miono, na itaishia mfukoni mwa seremala wa Mkange, ambaye anaihitaji kuliko tajiri wa Kariakoo.